Msichana wa Kwenye Bango

Watu wazima wakikaa pamoja hupenda kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajiamini, na lawama zote wanaitupia simu. Mimi nawacheka. Kutojiamini nilifundishwa nyumbani, sebuleni kwetu, huku tukinywa chai.

Wiki ya kipaimara changu, pale Iringa mjini, shangazi alimpelekea mpiga picha picha yangu ili atengeneze bango la ukumbini. Bwana yule alijiita mtaalamu. Utaalamu wenyewe ulikuwa kumfanya kila binti awe mweupe kama ugali wa sembe. Bango lilipoletwa, nilimkuta humo msichana mwenye pua nyembamba ambaye sijawahi kukutana naye. Shangazi, ambaye mkorogo umempa uso wa rangi moja na vidole vya rangi nyingine, alipiga vigelegele. "Sasa hapa ndo umependeza," alisema. Mama akaafiki. Nikaelewa vizuri kabisa kwamba bila kurekebishwa sifai kuonyeshwa watu. Iliniuma sana.

Siku yenyewe walinipaka poda mpaka masikioni, wakanivika wigi, wakanisimamisha mlangoni nisubiri muziki wa kuingilia. Bibi mzaa mama alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka Kalenga, na kuku wake wa zawadi. Alinipita, akaingia, akalitazama bango, akatoka. Akanisogelea kwa adabu ya mtu aliye ugenini.

"Samahani, dada. Nimekosea ukumbi. Namtafuta mjukuu wangu."

"Bibi, ni mimi."

Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku. "Ee jamani! Wamekufanyaje, mama?" Akalowesha ncha ya kitenge kwa mate, akaanza kunifuta shavu. Nililia, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilijisikia mtu.

Shangazi akatokea mbio. "Mama, unamharibu mtoto!"

"Namtafuta wa kwetu," alijibu bibi bila kuacha kufuta.

Muziki ukaanza. Nikavua wigi, nikamkabidhi shangazi. Nikambana kuku kwapani, nikamshika bibi mkono, tukaingia, poda imebaki upande mmoja wa uso. Wageni wakakohoa. Yule mtaalamu akashusha kamera.

"Piga," nilimwambia. "Na ole wako uguse kitu."