Taa ya Kumi na Saba

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hunirudia kila nikimwona mtu anaitikia kwa kichwa huku macho yake yanasema jambo jingine. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nafanya kazi kiwanda cha sabuni pale mtaa wa Gerezani, upande wa reli. Kaa nikusimulie. Mimi si mwepesi wa kuandika, shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitakwenda taratibu na wewe utanivumilia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa mlango. Sabuni za nje zilijaa Kariakoo, za kila rangi, zimevikwa karatasi zinazong'aa, na sabuni yetu ikawa inakaa kwenye rafu mpaka inapasuka. Mwenye kiwanda alikuwa mzee wa Kihindi, tukimwita Harshadbhai. Hakutaka kufunga milango. Alisafiri, akarudi, na baada ya miezi kontena likatoka bandarini likashushwa uani kwetu. Humo ndani mlikuwa na mashine mpya inayokata sabuni, inayoigonga mhuri, kisha inaisukuma kwenye meza ya akina dada wanaofunga karatasi.

Mashine ya zamani niliijua. Kila sensa ilikuwa na nyaya zake zinazotoka ilipo mpaka kwenye kabati la umeme, nyaya kwa nyaya, fungu nene kama paja la mtu. Sensa, kama hujawahi kuiona, ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba chenye jicho mbele. Chuma kikifika karibu yake, inajua, inapeleka habari. Pistoni za upepo ndizo mikono ya mashine. Zenyewe zinasukuma, zinabana, zinagonga.

Hii mpya ilikuwa na waya mmoja tu. Waya bapa, wa njano, umeizunguka mashine nzima, na kila sensa na kila pistoni ilidandia humo humo. Kiungio chake kilikuwa na meno. Unakibana juu ya waya, meno yanatoboa mpira, umeme na habari vinapita. Kila kimoja kilipewa namba yake, na kompyuta ndogo ndani ya kabati ilikuwa inaviita kwa zamu. Namba moja, una nini? Namba mbili, una nini? Inaviita vyote na kurudi mwanzo kabla wewe hujapepesa jicho. Mara ya kwanza nilipoelezwa nilicheka peke yangu, nikaona ni kama mwalimu na daftari la mahudhurio.

Aliyenieleza ni mkubwa wangu wa kazi, Fundi Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, mtu mzima mwenye mvi, aliyekulia karakana za reli. Mzungu aliyekuja na mashine alikaa naye wiki mbili, akamwachia michoro, akaondoka. Kilichobaki tulikifunga wenyewe. Mimi nilifunga sensa za upande wa nyuma, kumi na mbili mpaka ishirini. Nilijivuna sana moyoni, ingawa sikumwambia mtu.

Maana mimi, mwanangu, nilikuwa na haya za kupita kiasi. Kwa mama ntilie nikiagiza wali nikaletewa ugali, nilikula ugali. Sauti yangu ilikuwa inaishia kwenye meno. Watu walidhani nina adabu, kumbe nilikuwa naogopa tu kutazamwa.

Fundi Pazi alikuwa na desturi yake. Mashine haiwashwi mpaka tumeita namba zote. Yeye anapita sensa moja moja na kijiko cha chuma mkononi. Anakisogeza karibu, anaita namba. Mimi nasimama kwenye kabati, ambako kila namba ilikuwa na taa yake nyekundu, na nikiiona taa napiga kelele, "Imewaka!" Akiondoa kijiko, taa ikifa, "Imezima!" Kwenye vifuniko vya usalama, vile vya chuma vinavyokinga mikono ya watu, hatumii kijiko, anainua kifuniko chenyewe, na hapo taa inatakiwa ife. Yeye alikuwa huko ndani ya mashine, taa hazioni. Macho yake yalikuwa mimi.

Siku hiyo akina dada walikuwa wamekaa juu ya makreti wanangoja kazi ianze, kama ishirini hivi, wanatutazama kama watazamaji wa mchezo. Harshadbhai alisimama kando yangu, mikono nyuma. Nje lori lilikuwa linangoja kupeleka sabuni ya kwanza madukani.

Fundi akaita namba tano. Nikasema, kwa sauti ile yangu ya kwenye meno, kwamba haijawaka.

"Sema watu wasikie!" akapaza Fundi Pazi.

"Haijawaka!"

Akatoka kule, akaja mpaka kwenye kabati akifuta jasho, akatazama. Kumbe nilikuwa naangalia taa ya namba sita.

Mwajuma, mwenye mdomo kuliko wote pale, akaangua kicheko. "Jamani msimwonee Salumu! Macho yake yako huku kwenye kreti la Somoe, hayo ya kwenye taa ni ya kuazima!"

Makreti yote yakacheka. Fundi naye akacheka akirudi zake. Shingo ikaniwaka moto. Tulipofika namba tisa nikaomba arudie, na Mwajuma akasema bwana harusi apewe kipaza sauti. Baada ya hapo niliapa moyoni kwamba sitamrudisha tena Fundi.

Tukafika kumi na saba. Hiyo ilikuwa sensa ya kifuniko cha pale sabuni inapogongwa mhuri. Fundi akainua kifuniko.

"Kumi na saba!"

Taa ilikuwa nyekundu. Nikangoja. Ikabaki nyekundu.

"Kumi na saba, wewe! Imezima?"

Nikahisi Harshadbhai anageuza kichwa kunitazama. Nikahisi makreti yamenyamaza, Mwajuma anavuta pumzi. Nikajiambia labda nimekosea tena, labda naangalia taa nyingine. Nilihesabu upya kwa kidole, ilikuwa yenyewe kumi na saba, inaniangalia.

"Imezima!" nikasema. Kati ya kelele zote nilizopiga siku ile, hiyo ndiyo iliyotoka safi.

Tukamaliza. Mashine ikawashwa, watu wakapiga makofi. Pale kwenye mhuri alipangwa dada Somoe, mama wa watoto wawili, mtu wa Newala, mpole. Tangu niingie kiwandani yeye ndiye aliyekuwa ananigawia chakula chake mchana bila kuniuliza maswali. Fundi akamwonyesha kazi.

"Sabuni ikinata kwenye mhuri, usihangaike. Inua kifuniko, mashine inasimama yenyewe. Futa, funika, inaendelea."

"Kweli, fundi? Isije ikanila mkono, nina watoto mie."

"Nimeijaribu mwenyewe. Kijana ameiona taa."

Dada Somoe akanigeukia, anatabasamu. "Umeiona, mdogo wangu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Mwanangu, huko kuitikia kwa kichwa kumenisumbua kuliko ile kelele. Kelele ilinitoka ghafla. Lakini pale nilikuwa nimepata nafasi ya pili, na aliyeniuliza hakuwa mtu wa kucheka watu.

Mashine ikaenda. Nikamfuata Fundi nimwambie. Nilimkuta anaongea na Harshadbhai, nikasimama nyuma yao, nikajikohoza, hawakugeuka. Nikarudi kwenye kabati. Nikajipa moyo kwamba nitamwambia wakipumzika. Nikawa nahamisha macho, natazama taa, natazama mkono wa dada Somoe, natazama taa.

Haikuchukua muda. Sabuni ya mwanzo ilikuwa laini, ikanata. Nikamwona dada Somoe anashika kitambaa mkono wa kulia, anainua kifuniko kwa mkono wa kushoto, bila wasiwasi wowote, kama mtu anayefunua sufuria jikoni kwake. Taa ya kumi na saba haikutikisika.

"Dada Somoe, mkonooo!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilipiga kile kitufe chekundu cha kusimamisha kwa kiganja chote, lakini pistoni ilishaanza kushuka. Alishtuka akarudi nyuma. Kitambaa kikabaki. Mhuri ukashuka juu yake, pa, kisha mashine ikasimama.

Fundi Pazi akaja, akakitoa kile kitambaa. Kilikuwa kimegongwa kikawa chembamba kama karatasi, jina la sabuni limeandikika katikati, linasomeka. Akanigeukia nacho mkononi.

"Kumi na saba nani aliitikia?"

Alikuwa anajua. "Mimi, fundi."

"Uliona nini?"

"Niliona inawaka."

"Ukasema?"

"Nikasema imezima."

"Kwa sababu gani, Salumu?"

"Niliona haya."

Nilingoja kofi. Zama zile fundi kumpiga kibao kijana wake haikuwa ajabu. Badala yake akamwendea dada Somoe, aliyekuwa ameketi chini, Mwajuma amemkumbatia. Akamwambia kwa upole, "Dada, niazime mkono wako." Akaniita, akauweka ule mkono kwenye viganja vyangu. Ulikuwa wa baridi, unateleza kwa sabuni.

"Hesabu vidole."

Nikahesabu. Vitano.

"Kwa sauti."

Nikarudia kwa sauti.

"Sasa nichagulie kimoja, kile ambacho haya zako zingekichukua."

Nikalia, mwanangu, mbele ya wale wote niliokuwa nawaogopa. Na ajabu ni kwamba hakuna aliyecheka.

Fundi akaniacha nikalia mpaka nikanyamaza. Kisha akasema maneno ambayo sikuyategemea kutoka kwa mtu mkubwa vile. "Na mimi ninalo langu. Niliona kijana anachekwa, nami nikacheka nao. Nilimfunga mdomo mwenyewe, halafu nikamtegemea."

Harshadbhai alikuwa bado amesimama palepale. Akatoka mpaka mlangoni, tukamsikia anamwambia dereva, "Rudi bwana, leo hakuna sabuni." Aliporudi akasema, "Pazi, anza namba moja."

Tukaanza namba moja. Nikasimama tena kwenye kabati, macho yamevimba. Mwajuma akawageukia wenzake, "Nyamazeni nyie, kijana asikie." Tulipofika kumi na saba, nikasema kwa nguvu, "Haijazima, fundi! Bado inawaka!"

Akaingia nyuma na tochi, akaniita nione. Nilikuwa nimeisokota sensa ndani mno, mwenyewe, kwa mkono wangu. Jicho lake lilikuwa linaiona boliti ya fremu. Kifuniko kikiwepo, kikiondolewa, yenyewe ilikuwa inaona chuma tu, na kompyuta kila ikiita kumi na saba ilijibiwa kwamba kifuniko kimefungwa. Tuliirudisha nje kidogo, unene wa nusu kidole hivi. Taa ikafa palepale. Kazi ya dakika tatu.

Kesho yake mchana nilikaa mbali, nyuma ya mapipa. Nilijua chakula cha dada Somoe sikistahili. Akanifuata na bakuli lake, ugali na kisamvu cha karanga, akakaa, akamega tonge akaniwekea.

"Kula."

"Dada, siwezi."

"Kula bwana. Mkono ninao, na ndio huu unakupakulia."

Nikala.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe unayeingia kazini sasa, unayefunga mitambo mikubwa kuliko ile, ambako waya mmoja unabeba mamia ya hizo namba. Mashine haina haya, lakini pia haina akili ya kushuku. Inaamini kila inachojibiwa. Ukiliweka jicho lake vibaya, itaona uongo siku nzima na kufanya kazi kwa uongo huo bila kuchoka. Mwisho wa waya wote huo yupo mtu aliyeulizwa, "Umeona?" Mtu huyo akiwa wewe, na kama hukuona, sema sikuona. Sema wakiwa wanacheka. Sema bosi akiwa begani kwako na lori linanguruma nje. Umwite fundi mara tatu, mara kumi, umchoshe. Jasho lake atalifuta.

Na ukikosa kusema mara ya kwanza, usijifiche humo. Nafasi ya pili huja upesi kuliko unavyodhani, na mimi yangu niliipoteza kwa kuitikia kwa kichwa. Usisubiri wakipumzika. Washike shati, wakatishe maneno yao, hata kama ni wakubwa. Hiyo siyo kukosa adabu.

Ukija kuwa mkubwa nawe, utapata kijana mwenye sauti ndogo. Usimcheke akikosea taa. Mwendee, mwonyeshe, mwambie afadhali akuite bure mara mia. Fundi Pazi alinifundisha hilo kwa kukiri kosa lake mbele ya kijana wake, na tangu siku ile sijamwona mtu aliyepungukiwa heshima kwa kukiri.

Mungu akupe macho yanayoona vizuri, na kinywa kisichoyageuka macho yako. Akukutanishe na wakubwa wasiokudhihaki na wenzio wanaokugawia tonge. Na kila utakayemwachia mashine uliyoifunga, akafanya kazi akikuamini, Mungu amrudishe kwa watoto wake jioni na mikono yake yote miwili. Amina.