Matundu Kumi na Moja

Mzee Msasa alibandikwa jina hilo na madereva wenzake wa mchanga, kwa sababu kila Jumapili, watu wakitoka na nguo za pasi, yeye huvaa suruali iliyojaa rangi, akashika msasa na kulizunguka lori lake. Lori la zamani, pua ndefu, rika moja na kifungua mimba wake.

Mkewe aliliita mke mwenzangu.

"Mke mwenzangu ameoga leo?" huuliza akimletea chai uani.

"Ameoga, anang'aa."

"Na mimi wa kwanza nitaogeshwa lini?"

Hapo mzee hucheka hadi chai ikamwagika.

Kilichompa raha ni kebini. Kila mwaka kabla ya mvua aliikwangua, akaipiga puti ya kuzibia mikwaruzo, akairudishia rangi yake ya bluu. Huko chini kwenye chasisi hakujisumbua sana. Aliisiriba oili chafu kwa brashi kuukuu, basi. Nani atachungulia huko?

Mkaguzi wa magari alichungulia kote. Kijana mpole, salamu nzuri, lakini ana bisibisi. Rangi hakuitazama hata kidogo. Alipanda kebini, akaichoma sakafu kwa bisibisi, ikazama hadi mpini. Akachoma mlango upande wa chini, ikazama tena.

"Mzee wangu, nakupa wiki mbili. Ukirudi liko hivi, nalitoa barabarani."

Lori kuukuu likitolewa barabarani huwa halirudi. Hukatwa vipande na wauza vyuma chakavu, na Mzee Msasa alishawahi kuona wakikata moja. Hakulisahau.

Siku hiyo hakupiga honi kwenye kona ya nyumbani, mkewe akajua kuna jambo. Alipoelezwa alisema neno moja tu: "Mwite mwanao."

Mwanao ndiye huyo kifungua mimba, binti fundi wa kuchomelea mageti, mikono imejaa alama za cheche. Miaka yote baba yake hakumruhusu kuligusa lori. "Wewe shika mageti yako," humwambia. Sasa alikuja na nyundo yake ndogo, akalala chini ya lori juu ya gunia, akaanza kugonga chasisi. Chuma kizima huitikia mgongaji. Kilichooza hunyamaza kama mtu aliyenuna. Chasisi yote iliitikia.

"Baba, huku chini nani alitunza?"

"Mimi. Oili chafu tu, mama."

"Basi huku chini tutawarithisha wajukuu."

Akahamia mlangoni. Pu. Akagonga tena. Pu. Alipofungua kava la ndani, maji meusi yalimwagika hadi kwenye viatu vyake, na miezi miwili ilikuwa imepita bila mvua. Akapapasa ukingo wa chini wa mlango.

"Hapa pana tundu la kutolea maji. Limezibwa. Nani kaziba?"

Mzee Msasa alikuwa ameshika kikombe. Alikumbuka vizuri sana. Miaka mingi nyuma aliviona vitundu vile, akawashangaa waliotengeneza lori, watu wasomi kabisa, kuacha vitundu wazi maji yaingie. Akachukua puti akaziba kwa kidole, kimoja kimoja. Na kila mwaka aliziba upya.

"Labda fundi fulani," alisema.

"Fundi gani? Si hujawahi kumpa fundi?"

Binti hakumbana. Alichora chaki pa kukata, akawasha mashine, akakata bati lililooza la milango yote miwili na sakafu, akaanza kupima bati jipya. Tundu la mlango wa pili aliliona mwenyewe. Kulikuwa na mengine tisa, chini ya ngazi, kwenye kona za kebini, chini ya kioo cha mbele, na aliyeyajua ni mtu mmoja duniani. Akinyamaza, bati jipya nalo litalala ndani ya maji.

Aliweka kikombe chini.

"Mama, zima mashine. Ni mimi niliyeziba. Yapo kumi na moja."

Binti alivua miwani ya kuchomelea, akamtazama, mdomo ukimcheza.

"Kumi na moja, baba? Timu nzima?"

"Na golikipa ndani."

Wakacheka wote wawili. Kisha mzee akatafuta msumari, akaingia chini ya kebini mwenyewe, akazibua yale tisa, maji ya kutu yakimtiririka kwenye mkono hadi kwapani.

Wiki mbili zilipotimia mkaguzi alichoma tena. Bisibisi iliteleza, ikaacha mkwaruzo tu kwenye rangi, na Mzee Msasa hata hakusikitikia rangi.

Kutoka hapo hakwenda nyumbani. Alipitia uwanja wa malori ya mchanga, madereva wakiwa wamekaa kwenye kivuli cha magari yao.

"Nani kati yenu aliziba matundu ya milango?"

Mikono minne ikanyooshwa.

"Si wewe uliyetufundisha, Mzee Msasa?" mmoja akasema.

"Ni mimi," akajibu, akitoa msumari mfukoni. "Tuanze na la nani?"