Nondo wa Mkunazi wa Uani

Mamangu ndiye aliyeanza. Alikuwa ameketi uani akichambua majani ya mkunazi ya kuanika, yale anayoyatwanga kwa ajili ya kuoshea nywele, na mimi nilikuwa jikoni nasafisha samaki. Akaniita.

"Hebu njoo. Jani hili lina mshono."

Nilimwambia majani hayana mishono. Akanishika mkono, akakipitisha kidole changu juu ya jani. Sikusikia kitu. Nikaliinua kwenye mwanga, na hapo nikauona mstari mweupe, mwembamba kama uzi, ukipinda na kurudi, ukipanuka kidogo kidogo hadi karibu na ukingo.

Wakati huo mama alikuwa haoni ila vivuli, na rangi kidogo kitu kikisogezwa puani penye mwanga mkali. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Miaka mingi alikuwa akishona kofia kwa mkono, zile zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, na watu walikuwa wakitoka hadi visiwani kuja kumwagizia. Macho yalipofifia aliifunga sindano yake ndani ya kitambaa, akakiweka sandukuni, na hakulizungumzia tena jambo hilo. Daktari hapa Malindi alitueleza kuwa upasuaji ni mdogo, mtu huingia asubuhi na jioni yuko kwake. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, na tulipofika nje akaniambia, "Jicho langu halitatiwa kisu, mwanangu. Usinitajie tena." Sikumtajia tena. Nilikuwa nimerudi kuishi naye baada ya baba kufariki, na sikutaka tuishi kwa kuvutana.

Mimi nafundisha sayansi shule ya msingi. Nilijua kwamba wapo wadudu wanaoishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, lakini nilikuwa nimewasoma tu. Niliupiga picha ule mstari kwa simu, nikaipeleka kwenye mtandao ambako watu huonyeshana viumbe walivyoviona. Akanijibu mwanamke mmoja, mtaalamu wa nondo aliyeko Nairobi. Aliandika kwamba huenda ni kiwavi wa nondo mdogo sana, ila kwa mstari peke yake hawezi kumtaja. "Mlee mpaka atoke," alisema. "Tafuta majani ambayo kiwavi bado yumo ndani."

Kumbe kulea nondo ni kazi. Jani nililolipata lilikuwa nyumba tupu, mwenyewe ameshatoboa na kuondoka. Nikawa naingia chini ya mkunazi kila nikitoka shule, miiba ikinichanja mikono, nikiyainua majani kwenye jua mpaka niione alama ya kijani hafifu mwishoni mwa mstari. Majani ya kwanza niliyatia katika chupa ya achari niliyoiosha, nikayafunika kwa karatasi ya shashi yenye maji. Yakaota ukungu. Ya pili yakatoa vijinyigu vyeusi, vidogo kuliko chembe ya pilipili manga, vilivyokuwa vimewala viwavi wangu ndani kwa ndani. Siku hiyo nilikaa juu ya ngazi nikasononeka kama mtu aliyefiwa na kuku wake wote.

Jirani alipopita aliniuliza nina nini. Nikamwambia nalea nondo na hawataki kutoka. Akatazama juu ya paa letu. "Mwaongeza ghorofa?" Mama alicheka hadi akashika ubavu.

Tangu hapo tukafanya kazi pamoja. Mama alipendekeza nipunguze maji katika shashi, na niache mdomo wa chupa upumue kwa kitambaa cha kanga. Yeye akiketi kwenye mkeka na kikapu cha majani, vidole vikipita juu ya jani moja baada ya jingine, na akisikia mstari ananikabidhi mimi nitazame kama kiwavi yumo. Viwavi wakatoka ndani ya majani, wakajisokotea vifukofuko bapa vya kahawia juu ya shashi, kisha kukawa kimya. Mama akawa ananiuliza habari zao kila asubuhi, baada ya kunijulia hali yangu.

Wa kwanza alitoka siku ya Jumamosi. Sikumjua kuwa ni nondo. Nilidhani ni vumbi limeingia kwenye chupa, mpaka vumbi likatembea. Niliweka lenzi ndogo juu ya kamera ya simu, nikampiga picha nyingi, nyingine zikatoka vizuri. Kisha nikaunganisha simu na televisheni, nikamketisha mama karibu kabisa na kioo, kiasi cha pua yake kukigusa.

Alitazama kwa muda mrefu. Kioo kilikuwa kinang'aa, na yule mdudu aliyekuwa mdogo kuliko punje ya ufuta akawa mkubwa kama paka.

"Mashallah," alisema. "Ametia hina kichwani."

Kweli, kichwani alikuwa na kishungi cha manyoya ya rangi ya hina. Mabawa yalikuwa meusi yenye mshipi wa fedha katikati.

"Na hizi pembeni ni tamvua? Nani alimshonea huyu?" Akaweka kidole juu ya kioo, akafuatisha nyuzinyuzi za ukingo wa bawa. "Nionyeshe tena. Sogeza kule."

Nilimweleza kwamba mtaalamu anamhitaji nondo mwenyewe, kwamba nitamtia katika friza kwanza, kisha nimpeleke Nairobi na jani lake.

Uso wa mama ukabadilika. "Amekaa gizani ndani ya jani, akakaa gizani ndani ya kifuko. Leo ndiyo kwanza auone mwanga, nawe umtie friza?"

Nikaibeba chupa hadi uani, nikaondoa kitambaa. Nondo akapanda mdomoni mwa chupa, akazunguka kidogo, halafu hakuwepo. Mama aliuliza, "Ameenda?" Nikamwambia ameenda.

Baadaye wakatoka wengine kadhaa, na mama akalegea. "Mmoja au wawili, na useme bismillahi." Mtaalamu alikuwa ameeleza kwamba nondo hawa hufanana mno, na hutambuliwa kwa kutazamwa viungo vya uzazi vya dume kwa hadubini. Nilipomtafsiria mama hilo alijifunika uso kwa mtandio. "Astaghfirullahi! Na watu wazima wana elimu zao!"

Niliwapeleka wawili Nairobi pamoja na majani yao, lakini jibu lilichelewa mpaka nikaacha kulisubiri. Lilipofika nilikuwa ofisini kwa walimu, nikalisoma nimesimama. Nondo wetu alikuwa na jina, lakini alijulikana kwa vielelezo vichache tu kutoka sehemu kame, mbali sana kusini. Hakuna aliyewahi kumwandika katika pwani hii, wala hakuna aliyejua anakula mti gani. Mtaalamu aliomba nijaze mahali, mti, na aliyempata.

Nilimsomea mama nyumbani. "Aliyempata umeandika nani?" aliuliza.

"Nimeandika mimi."

"Wewe ulimwona. Mimi nilimgusa."

Nikamwandikia mtaalamu hivyo hivyo. Akajibu kwamba hajawahi kuandika maneno kama hayo, lakini atayaandika, na sasa yapo katika kumbukumbu: mstari ulitambuliwa kwanza kwa kidole, na mama wa mkusanyaji.

Mama alinitaka nimsomee mara mbili. Kisha akawa anazungusha kikombe cha chai ambacho kilikuwa kimeshapoa. "Yule daktari," akasema, "bado yupo?"

Sikumuuliza kwa nini, nikiogopa asije akabadili nia. Tulienda juma lililofuata. Alinishika mkono hadi mlangoni mwa chumba cha upasuaji, akisoma dua kwa sauti ya chini, na nilipomwachia vidole vyake vilikuwa baridi. Nilikaa kwenye benchi nje na viatu vyake mapajani.

Siku ya pili yake tulirudi, na muuguzi akambandua pamba kwenye jicho la kushoto. Mama alipepesa kope, machozi yakamtoka, akatazama dirisha, akamtazama muuguzi, kisha akanigeukia mimi. Alinikazia macho hadi nikaona haya.

"Una mvi," alisema.

"Kidogo tu, mama."

"Si kidogo." Akanyoosha mkono, akanirudishia nywele chini ya mtandio, taratibu, kama alivyokuwa akinifanyia kabla sijaenda chuoni. "Umezeeka ukinitunza, wala hukuniambia."

Muuguzi alijifanya anatafuta kitu kabatini. Mimi nikainama kumvisha mama viatu, na yeye akaendelea kunitazama utosini.