Siku Mjomba Alipolia Ilula

Nyanya ikianza kuoza ndani ya tenga hunuka utamu kwanza, kama pombe ya harusi, kisha hunuka aibu. Juzi hapa Mbeya harufu hiyo ilinikuta kwenye meza ya muuza mboga, na mimi, mwanamke mzima mwenye shahada mbili na magoti mabovu, nikasimama nikiwa nimesahau nilichofuata. Nilikuwa Ilula tena, darasa la tatu, miguu ina vumbi.

Mama aliuza nyanya na vitunguu kando ya barabara kuu, pale kwenye matuta ambapo basi hupunguza mwendo hata kama dereva hataki. Mahali pale ndipo palipotulisha. Alipalinda kuliko alivyoilinda ndoa yake, na hakukosea, maana ndoa haikudumu.

Mdogo wake, mjomba Ezekieli, alikuwa mwigizaji. Alianzia jukwaani Iringa mjini, kwenye ukumbi wa parokia, akaenda Dar es Salaam, akaingia kwenye runinga. Katika mchezo uliompa umaarufu alikuwa mwenyekiti wa kijiji mwenye kutetea wajane, na kila Jumapili jioni alilia. Alilia vizuri mno. Alipotutembelea nilimwuliza kama yale machozi ni ya kweli. Aliendelea kutafuna ugali, akanikazia macho, na machozi yakamtiririka hadi kidevuni huku taya likiendelea na kazi yake. Tulicheka mpaka Mama akatufukuza mezani.

Aliporudi kugombea ubunge, hakuna aliyemwita Ezekieli. Alikuwa Mwenyekiti. Bibi mmoja alishuka kutoka mlimani na kesi ya mpaka wa shamba, kwa kuwa alikuwa amemwona akiamua kesi kama hiyo kwenye runinga. Mjomba hakumweleza kwamba ule ulikuwa mchezo. Aliomba kigoda, akasikiliza pande zote mbili, akatoa hukumu, na ikakubalika. Mama naye alipita genge kwa genge akimnadi. Kwenye mikutano mjomba aliahidi kwamba akina mama wa barabarani hawataguswa. Alishinda kwa kishindo.

Hazikupita mvua nyingi, ikaja amri: magenge yote yaondoke barabarani, wauzaji wahamie soko jipya bondeni, ambako hakuna basi lililowahi kushuka. Akina mama walikataa. Walikalia matenga yao mbele ya greda, Mama akiwa katikati, wakasema wanamsubiri Mwenyekiti.

Akaja, amevaa suti. Aliamkia wazee kwa Kihehe, akafungua mdomo aanze hotuba. Akalia.

Kwetu, ukimkuta mtu analia, unalia naye kwanza. Sababu utaiuliza machozi yakikauka. Bibi yetu alitufundisha hivyo kabla hata hatujajua kujifunga kanga vizuri. Anayeuliza mapema, alisema, ana jambo lake. Basi akina mama waliinuka kutoka kwenye matenga kama wainukavyo msibani, wakamzunguka, wakaangua kilio. Mama ndiye aliyemshika kichwa.

"Nyamaza, baba," alimwambia. "Nyamaza, tupo."

Nilikuwa nimeshikilia kitenge cha Mama, ndiyo maana nikasikia alichonong'ona mjomba.

"Dada, nisaidie. Waambie wahame."

Na Mama, mkono mmoja bado unamfuta mdogo wake machozi, akageuka akawaambia. Walikuwa wameshasimama. Waliokota matenga yao wakayabeba wenyewe hadi bondeni. Greda halikupata kazi ya kufanya.

Bondeni nyanya zilioza, kama tulivyojua zitaoza. Akina mama hawakumlaumu mbunge. Walimlaumu Mama, kwa kuwa mdomo uliosema ulikuwa wake. Wakaacha kumsalimia. Aliishia kuchuma nyanya kwenye mashamba ya watu, na mimi nikapelekwa Mbeya kwa shangazi, ambako kulikuwa na chakula. Mama na mimi hatukuishi tena nyumba moja.

Chuo kikuu nilisomea sanaa za maonyesho, jambo ambalo ukoo bado unasubiri nilieleze. Niliandika tasnifu nene kuhusu kilio cha jukwaani, na kwa tanbihi nyingi kuliko zilizohitajika nikathibitisha kwamba wapo waigizaji wanaoweza kulia wapendapo. Mjomba sikumtaja, lakini kila ukurasa ulikuwa wake. Nilimpelekea Mama, nikamsomea kidogo na kumweleza maana yake, nikitumaini itamtua mzigo. Alisikiliza akichambua maharage.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Yule nimembeba mgongoni. Akiigiza namjua. Siku ile alilia kweli."

Nikaifunga tasnifu, nikavuta ungo wa maharage. Mwigizaji ningemsamehe, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mjomba alitutazama pale barabarani, akaona anachokwenda kutufanyia, kikamuuma, akakifanya. Utotoni niliamini kwamba mtu anayekulilia hawezi kukudhuru. Mjomba alihitaji kulia kwanza, ndipo aweze.