Aliyejibu "Ninalo"

Wasomaji wangu wa ukurasa wa nyuma wa gazeti letu la shule, mmezoea nikiwaletea hapa habari za wadudu waliozaliwa, wakabatizwa na kuzikwa ndani ya sufuria ya maharagwe yetu, au za kiranja wa bweni ambaye hukoroma kwa Kiingereza ili walimu wapite wakidhani anadurusu. Leo hamtacheka sana. Mwenzetu wa darasa la nane, yule wa kitanda cha karibu na dirisha, amefariki. Habari zilitufikia siku ya kwanza ya muhula, tukiwa kwenye foleni ya uji. Mwalimu Mkuu alisema tu kwamba mwenzenu hatarudi tena, nasi tukadhani amehamishwa shule, hata mmoja wetu akauliza kama sahani yake imepata mwenyewe. Mpishi akatuambia ni homa. Kesho yake utingo wa lori la mboga, ambaye hajui kufunga mdomo wala turubai, akatuambia ukweli: homa haikuwako. Alijitoa uhai mwenyewe, kwao Werugha, wakati wa likizo. Namna gani, sitaandika. Haimfai aliyekufa wala anayesoma.

Sitawadanganya kwamba alikuwa rafiki yangu. Siku hizi kila mtu alikuwa rafiki yake. Angekuwa na marafiki wote hao alipokuwa hai, shule ingejenga bweni la pili. Alikuwa mtu wa kujuana naye tu, wa kusalimiana bombani na kuazimana sabuni. Alikuja Voi amevaa sweta ya rangi ya majivu aliyofumiwa na mamake. Sasa nyinyi mnaijua Voi. Hapa hata mjusi huvuka njia kwa kukimbia asije akaiva. Jamaa akawa anashinda ndani ya sweta yake kutwa, jasho likimtiririka kama aliyemwagiwa ndoo. Nikamwambia, "We, hiyo sweta umeshonewa mwilini?" Akanitazama kwa makini, maana alikuwa na tabia ya kulipokea kila swali kana kwamba ni swali kweli. "Kwetu asubuhi kuna ukungu," akasema. "Mtu hupita kando ya shamba la jirani na haonekani. Hapa naonekana mno." Nikacheka mpaka nikashika nguzo, kisha nikaenda kuyasimulia bwenini kwa kuiga sauti yake.

Lakini jina alilipatia darasani. Sisi watu wa milimani Kiswahili tumekikuta shuleni. Nyumbani tunaulizana "Kwawuka mana?", yaani umeamka vyema?, na nyanya yangu mimi ukimwuliza hivyo hukujibu kwa mgongo, kwa magoti yote mawili na kwa lile jino lake lililobaki. Mwalimu wetu wa Kiswahili ni mtu wa pwani, na kwake salamu ni kama sala: ukikosea unaanza upya. Siku hiyo aliingia, akamnyooshea chaki jamaa wa sweta.

"Hujambo?"

"Ninalo, Bwana."

"Unalo nini?"

"Jambo, Bwana."

Darasa zima likaanguka. Kuna mtu alicheka akapaliwa, akapigwa mgongoni na watu wawili. Mwalimu akangoja tunyamaze, akasema kwa upole, "Mwanangu, hujambo hujibiwa sijambo."

"Hata nikiwa nalo, Bwana?"

"Hata ukiwa nalo."

"Sijambo, Bwana," akasema, akakaa.

Nilishikwa na wivu wa kazi. Mimi natunga mzaha siku nzima, naupima, naunoa, halafu wanacheka watu watatu. Huyu kwa neno moja ameangusha darasa bila hata kujaribu. Tangu hapo akaitwa Ninalo. Ninalo njoo, Ninalo pasi mpira, Ninalo leo zamu yako kufagia. Naye aliitika.

Baada ya msiba kila mtu alikuwa na sababu yake mkononi. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini hapa petu walioijua walikuwa wazima wote. Mpishi alisema ni vitabu, vimemjaa kichwani vikakosa pa kutokea. Mzee wa kanisa alisema ni shetani. Mwenye duka pale karibu na stesheni alisema ni msichana, kwa sababu kwake yeye hata mvua ikichelewa ni msichana. Babu yangu, nilipopita kwake baadaye, alisema ni ulegevu wa vijana wa leo, enzi zao mambo haya hayakuwako. Nikamwuliza kama hayakuwako au hayakusemwa. Akaniambia nikafunge mbuzi. Na Ninalo si wa kwanza kusikika. Tumenong'onezwa habari za kijana wa upande wa Taveta, na za msichana wa huko milimani, na wote, tunaambiwa, ni homa. Homa gani hii inayochagua wenye miaka kumi na sita?

Jumamosi Mwalimu Mkuu aliniruhusu mimi na kiranja wetu, yule yule wa kukoroma, tupande lori la mboga lililokuwa likirudi tupu milimani, tumpelekee mama wa marehemu sanduku ambalo mwanawe alikuwa ameliacha bwenini. Njia nzima kiranja alikaza macho barabarani, nikadhani anaziogopa zile kona. Nilitarajia kukuta matanga: watu uani, wimbo, chai katika sufuria kubwa. Tulimkuta mama mmoja ameketi mlangoni peke yake anamenya viazi. Majirani walikuwa wakipita njia ya juu, ile ndefu yenye tope, wasije wakapita uani kwake. Nikafungua kinywa nimwambie "Hujambo, Mama," nikaiacha salamu hiyo. Utamwuliza vipi mtu kama yule?

"Pole, Mama," nikasema.

"Asanteni, wanangu. Kaeni, mmetoka mbali." Akatupatia maziwa, akaendelea kumenya. Baadaye akauliza bila kuinua uso, "Huko shuleni alikuwa na mtu?"

"Alikuwa na sisi sote, Mama."

"Sote ni wengi. Nimeuliza mtu."

Nyinyi mnanijua, sikosi jibu. Siku hiyo nikaficha uso kwenye kikombe cha maziwa. Kiranja akajaribu kutuokoa, akatuzamisha. "Ninalo alipendwa sana, Mama," akasema.

"Ninalo ni nani?"

Basi ikabidi nimsimulie. Nilimsimulia polepole, bila kuiga sauti: chaki, salamu, jibu. Mama akasimamisha kisu. Kisha akacheka, nawaapia, akacheka kwa sauti hata jirani mmoja akasimama huko juu kwenye tope. "Ndiye! Ndiye huyo! Tangu mdogo, ukimwuliza umeshiba, anatazama tumbo kwanza ndipo akujibu." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kicheko kikamwisha taratibu, kama moto wa mabua.

"Kwa hiyo alisema," akasema.

"Alisema, Mama."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya darasa zima."

"Nami kila siku nakaa hapa nikijiuliza mbona mwanangu hakusema." Akachukua kiazi kingine.

Tulirudi kwa miguu mpaka njia kuu. Ukungu ulikuwa umeshuka, na mimi niliyekuwa nyuma sikumwona kiranja aliyekuwa mbele yangu hatua chache tu. Nikajisikia mpweke kuliko nilivyowahi kujisikia, na hapakuwa na mtu wa kumfanyia mzaha. Jambo lake lilikuwa lipi? Sijui, na namwogopa anayedai anajua. Sidhani lilikuwa moja. Mtoto mmoja wa ukoo akipelekwa shule, ukoo mzima humpanda mabegani: mjomba anataka karani, shangazi anataka daktari, na baba yuko mbali kwenye kazi ya reli, akirudi likizo anauliza umekuwa wa ngapi, haulizi umekuwaje. Mlango wa kuendelea mbele ni mwembamba, na wanaobaki nje hakuna anayewaambia waelekee wapi. Babu anasema zamani vijana walichunga pamoja, na mwenye uzito moyoni aliutua huko huko machungani, wenzake wakausikia. Sisi tumepewa kengele. Iko ya kuamka, ya kula, ya kusali na ya kulala. Ya kuambiana haiko. Na lile jambo, vyovyote lilivyokuwa, kufa hakukulimaliza. Limehama tu, limekaa mlangoni Werugha linamenya viazi. Hilo ndilo linaloniuma, maana naamini lilikuwa jambo la kubebwa na watu wawili, watatu, likabebeka.

Mwalimu wa Kiswahili aliponiuliza hali ya yule mama, nilimweleza yote, pamoja na lile neno "kwa hiyo alisema". Jumatatu akaingia darasani kama kawaida.

"Hamjambo?"

Salamu hii tumezoea kuiitikia kwa mlio mmoja, kama gari la moshi linapotoka stesheni. Siku hiyo hakuna aliyeitikia; habari za Werugha zilikuwa zimeshafika bwenini. Mwalimu akaweka chaki chini, akavuta kiti, akakaa katikati yetu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Haya," akasema. "Mnalo lipi?"

Kimya cha namna ile kukivunja ni kazi yangu. "Maharagwe yana wadudu, Bwana."

Wakacheka, naye akacheka. "Hilo moja. Jingine?"

Ndipo kiranja wetu akasimama, yule anayeogopwa mpaka na kengele. Ameniruhusu niandike haya. "Mimi, Bwana, baba amesema nikianguka mtihani nisikanyage kwake. Sipati usingizi." Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya mtoto wa darasa la kwanza. Kumbe kile Kiingereza cha usiku hakikuwa kukoroma. Alikuwa macho, anakariri. Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba njia nzima ya Werugha hakuwa akiogopa kona.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akamwuliza, "Umekuwa nalo tangu lini?"

"Tangu likizo ya mwaka jana, Bwana."

"Leo jioni uje kwangu tule. Jumamosi tutakwenda kwa baba yako, mimi na wewe. Nitamwamkia mimi, na jibu nitalingoja."

Hayo ndiyo niliyoyapata, wapendwa, nami si mtu wa kutoa mawaidha. Mawaidha yakinisogelea huwa natafuta dirisha. Ila Kiswahili kimetupa salamu yenye swali ndani yake, nasi tumeifanya mlio wa mdomo. Aliyeijibu kwa ukweli tukamsahihisha, tukampa jina, tukaendelea na somo. Basi ulizeni, halafu simameni. Nawe uliye nalo, lolote lile, liseme. Na wakicheka, liseme tena kwa mtu mwingine, maana wa kukaa chini nawe yupo, hata kama amechelewa kuvuta kiti. Mimi baada ya vipindi huwa nyuma ya jiko, pale kwenye kuni. Mkipita msinipungie mkono mkiniuliza hujambo kwa mbali. Njooni karibu mniulize. Leo ninalo.