Aliyelinganisha Kadi za Wagonjwa wa Hell-Ville

Habari ilinifikia Jumanne, kwa simu ya mdogo wake kutoka Antanimasaja, Mahajanga, nchini Madagaska: mwenzangu wa kazi wa zamani amefariki baada ya kuugua figo, na wamekwisha kumzika. Wasomaji wa safu hii hawamjui. Alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, binti wa familia yenye asili ya Komoro, mwanamke wa maneno machache.

Kazi inayonikumbusha zaidi habari zake tuliifanya kisiwani Nosy Be. Zahanati moja ya Hell-Ville ilikuwa na programu kuukuu ya kumbukumbu za wagonjwa, nasi tuliajiriwa kuiandika upya kwa lugha ya kompyuta ya JavaScript ili ifunguke kwenye kivinjari cha kompyuta yoyote. Data za zamani zilikuwa katika XML, yaani maandishi ambayo kila taarifa huwekwa kati ya alama mbili zenye jina lake. Kigeuzi, yaani programu ndogo ya kuzihamisha, nilikiandika mimi. Asubuhi ya kukabidhi, wauguzi wakiwa wameshaanza kutumia programu mpya, yeye aliomba kadi za karatasi akaanza kuzilinganisha na skrini, moja baada ya nyingine. Nikamwambia majaribio yote yamepita. “Yamepita kwa wagonjwa uliowabuni wewe, kaka,” akajibu kwa Kifaransa, bila kuinua macho.

Kabla ya adhuhuri aliinuka, mkononi kadi ya mgonjwa aliyekuja siku hiyo, akaenda haraka chumba cha sindano. Nikamfuata. Alikuwemo mama muuza samaki wa Ambanoro, mkono umemvimba, na muuguzi alikuwa akivuta penisilini kwenye bomba la sindano. Skrini yetu ilionyesha kwamba hana dawa inayomdhuru. “Subiri kidogo, tafadhali,” mwenzangu alimwambia muuguzi, kisha akamgeukia mgonjwa. “Mama, penisilini inapatana na mwili wako?” Yule mama alishangaa. “Ilinifunga koo, nikakaribia kufa. Niliwaambia hapahapa, mkaandika.”

Na kweli kwenye kadi iliandikwa; muuguzi akaliweka bomba kando. Mgonjwa mwenye dawa mbili au zaidi zinazomdhuru, kigeuzi changu kilimtengenezea orodha. Mwenye moja tu, kilimwachia neno pweke lisilo ndani ya orodha. Skrini ilijua kusoma orodha tu, hivyo ikamwandikia “hakuna”. Kulirekebisha kosa hilo kulihitaji mstari mmoja. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa. Mwenzangu hakunilaumu wala hakuniliwaza. Alimwomba mkuu wa zahanati arudie programu ya zamani kwa muda, akanikabidhi nusu ya kadi zilizobaki. Tulizimaliza kwa siku nne, na wengine wa aina ya yule mama tukawapata.

Siku hizi wateja hulalamika kwamba nachelewa kukabidhi kazi. Nawaeleza kwamba data tunazohamisha ni maneno ambayo watu walitueleza kuhusu miili na maisha yao, na kompyuta haiwezi kujithibitishia kwamba yamefika salama. Lazima mtu akae na karatasi asome jina kwa jina. Asiyetaka kunipa siku hizo, kazi yake siichukui.