Waliozikwa Nje ya Uzio

Usiku ule nililala nimejaa majivuno. Nilikuwa nimemaliza kuandika historia ya parokia yetu ndogo huku milimani, na kati ya walimu wastaafu wote Padri alinichagua mimi. Niliwaandika mapadri, makatekista, hata mchwa walioila dari ya kwanza. Ukurasa wa mwisho nikaeleza kwamba kiwanja cha ukumbi mpya, kule nje ya uzio wa makaburi, kilikuwa pori tupu.

Ndotoni nikamwona Bibi, mama mzaa baba, aliyefariki nikiwa chuo cha ualimu. Ilikuwa mchana, jua kali, naye amejitwisha jiwe, akipanda kanisani na wanawake wenzake. Enzi zao kila mama alipeleka jiwe la ujenzi kabla ya kwenda shambani. Nikataka kumpokea, akanikwepa. Mara kanisa halipo. Tumesimama kwenye uzio wa michongoma, mimi ndani, yeye nje, na lile jiwe limekuwa kitoto kilichofungwa kanga.

Nilimjua. Ni mwanawe wa kwanza, aliyekufa siku tatu baada ya kuzaliwa, kabla ya kubatizwa. Watoto wa namna hiyo walizikwa nje ya uzio, bila msalaba. Nilipokuwa mdogo nilimwona Bibi akipalilia kipande kile kila Jumamosi, na hakupanda hata mhindi mmoja. Yote hayo niliyajua. Niliyaacha nikiogopa yatatia aibu kwenye sherehe ya jubilei ya parokia.

"Mjukuu wangu, umeniandika?"

"Nimekuandika, Bibi. Pamoja na waliobeba mawe."

"Na huyu?"

Natafuta mlango katika uzio, sioni. Napenyeza mkono, miiba inanichana, naye anarudi nyuma polepole. Laiti angenigombeza! Analia tu, bila sauti.

"Mawe yangu waliyaingiza ndani," akasema. "Mwanangu wakamwacha nje. Na wewe pia, baba?"

Nikaamka mto umelowa, kumekwisha kucha. Nilijionea haya, mzee mzima. Nikachukua kalamu, nikafuta lile pori tupu, nikaandika kwamba pale wamelala watoto wetu. Yule wa Bibi hakuwahi kupewa jina, basi nikamwandika kwa jina la mama yake. Kisha nikavaa viatu, nikashuka mbio kwa Padri kabla mafundi hawajaanza kuchimba msingi.